Korodani Zisizoshuka: Safari Iliyokatika Njiani

Si kila kiungo cha mwili wa binadamu huumbwa mahali kitakapofanyia kazi. Figo huanza kuumbwa chini, katika eneo la nyonga, kisha hupanda hadi mahali pake pa kudumu upande wa mgongo. Korodani hufanya kinyume chake. Huanza kuumbwa juu, ndani ya fumbatio, karibu na figo, kisha hushuka hatua kwa hatua hadi kwenye mfuko wa ngozi ulio nje ya mwili. Safari hiyo huchukua miezi mingi, na kwa kawaida humalizika kabla mtoto hajazaliwa. Lakini kwa baadhi ya watoto wa kiume safari hukatika njiani, na mtoto huzaliwa mfuko wake ukiwa mtupu upande mmoja au pande zote mbili.

Katika makala haya neno korodani latumika kwa maana ya tezi yenyewe, ambayo wengine huiita kende. Na ngozi inayoihifadhi itaitwa mfuko wa pumbu. Wasomaji wengine huenda wakaona haya kuyasoma maneno haya. Lakini sayansi ya viumbe haina kiungo cha aibu, na katika jambo hili kimya kimewagharimu watu wengi uzazi wao.

Hali hii ni miongoni mwa kasoro za maumbile zinazoonekana mara nyingi zaidi kwa watoto wa kiume. Kati ya kila wavulana 100 waliozaliwa baada ya mimba kutimia, 2 hadi 4 huwa na korodani moja au zote mbili ambazo hazijashuka. Kwa watoto njiti idadi ni kubwa zaidi, kiasi cha 30 katika kila 100, na sababu yake ni nyepesi kuielewa: wamezaliwa kabla safari haijafika mwisho. Habari njema ni kwamba wengi wa watoto hawa hukamilisha safari hiyo katika miezi michache ya kwanza ya maisha. Tuchukue mfano wa wilaya ambamo wamezaliwa wavulana 1,000 waliotimia miezi. Siku ya kuzaliwa, wapatao 20 hadi 40 watakuwa na kasoro hii. Wakifikisha mwaka mmoja, watakaobaki nayo ni kama 10 tu. Kazi ya uchunguzi wa kidaktari ni kuwatambua hao 10 mapema, na kuwatibu kabla wakati haujapita.

KWA NINI KORODANI HUKAA NJE

Korodani ina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza mbegu za kiume. Ya pili ni kutengeneza homoni, hasa testosteroni, ambayo humpa mwanamume sauti nzito, ndevu na misuli. Kazi hizi mbili hufanywa na seli mbalimbali, na hazilingani katika uwezo wa kustahimili joto. Seli za Leydig, zitengenezazo testosteroni, huvumilia joto la ndani ya mwili kwa kiasi kikubwa. Seli zinazozaa mbegu hazivumilii. Joto la ndani ya mwili ni kama nyuzi 37 za Sentigredi. Katika mfuko wa pumbu joto hupungua kwa nyuzi 2 hadi 4. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha korodani izaayo mbegu na korodani tasa.

Mwili una mbinu kadhaa za kulinda ubaridi huo. Ngozi ya mfuko ni nyembamba, haina mafuta chini yake, na ina tezi nyingi za jasho. Vena zinazorudisha damu kutoka korodani husokotana kama mtandio kuizunguka ateri iletayo damu ya moto, na kuipoza kabla haijafika. Tena upo msuli mwembamba uitwao kremasta, ambao huivuta korodani juu wakati wa baridi au wa hofu, na kuiachia ishuke wakati wa joto. Msuli huu ukumbukwe, kwa kuwa ndio unaowapoteza njia wachunguzi wengi, kama itakavyoelezwa mbele.

Mwanafunzi mdadisi ataweza kuuliza: je, wanyama wote wako hivyo? La. Ndovu, ajapokuwa mkubwa, korodani zake hubaki ndani ya fumbatio maisha yake yote, karibu na figo, na huzaa bila taabu. Vivyo hivyo pimbi anayeishi katika majabali, ambaye ni jamaa ya ndovu kwa nasaba ingawa umbo lake halionyeshi. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba katika baadhi ya wanyama wa ukoo huo, akiwamo aina moja ya sange wa kusini mwa Afrika, jeni zinazoongoza ushukaji wa korodani bado zimo, lakini zimechakaa na hazifanyi kazi. Ni kama magofu ya nyumba: yanaonyesha kwamba mababu zao wa kale walikuwa na korodani zilizoshuka. Binadamu hakuumbika kama ndovu. Seli zake za mbegu zahitaji ubaridi, na zikiukosa hudhoofika.

SAFARI YENYE HATUA MBILI

Mtu aliyeieleza safari hii kwa makini mapema ni John Hunter, mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi mjini London. Katika maelezo yaliyochapishwa mwaka 1762, Hunter alionyesha kwamba korodani ya kijusi imeunganishwa na sehemu ya chini ya fumbatio kwa kano laini, akaiita kano hiyo kwa neno la Kilatini gubernakulamu, maana yake usukani. Jina hilo linafaa. Kama vile usukani unavyokiongoza chombo kuingia katika mlango wa bandari, ndivyo kano hii inavyoiongoza korodani kuelekea kwenye mlango mwembamba wa kinena.

Leo inafahamika kwamba safari ina hatua mbili, na kila hatua ina homoni yake.

Hatua ya kwanza hutokea kati ya wiki ya 8 na ya 15 ya mimba. Seli za Leydig katika korodani changa hutoa homoni ambayo umbile lake lafanana na insulini, nayo kwa kifupi huitwa INSL3. Homoni hii huufanya usukani uvimbe na kuwa mfupi na mnene, hata korodani ikashikiliwa karibu na mlango wa kinena huku fumbatio likiendelea kukua na kurefuka. Kwa hiyo katika hatua hii korodani haisafiri sana kwa nguvu zake. Hutiwa nanga, na mwili ndio unaokua na kuiacha chini. Ushahidi ulipatikana mwaka 1999, panya walipozalishwa bila jeni ya INSL3: korodani zote mbili za panya madume zilibaki juu ndani ya fumbatio.

Hatua ya pili hutokea kati ya wiki ya 25 na ya 35. Hapa testosteroni ndiyo inayotawala. Usukani hurefuka kupitia mfereji wa kinena na kuelekea kwenye mfuko wa pumbu, huku utando wa fumbatio ukichomoza kama kidole cha glavu na kufanya njia. Korodani hupita katika njia hiyo, ikiburuta nyuma yake mishipa ya damu na mrija wa mbegu. Baada ya kufika, njia hujifunga. Isipojifunga, utumbo waweza kupenya humo na kumletea mtoto ngiri, au maji yaweza kuteremka na kuvimbisha mfuko. Uvimbe huo wa maji kwa mtoto mchanga hauhusiani na busha la watu wazima liletwalo na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Sura zao zafanana, asili zao ni mbalimbali.

Kutokana na maelezo haya, msomaji atatambua kwamba korodani yaweza kukwama popote njiani: juu katika fumbatio, ndani ya mfereji wa kinena, au chini kidogo ya mfereji, mlangoni mwa mfuko. Kwa kiasi cha watoto 8 katika kila 10 wenye kasoro hii, korodani iliyokwama yaweza kupapaswa kwa mkono. Kwa wawili waliobaki, mkono hauigusi.

VYANZO VYA KASORO

Kwa watoto walio wengi hakuna chanzo kimoja kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole. Yapo, hata hivyo, mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wake.

La kwanza ni kuzaliwa kabla ya wakati, na pamoja nalo kuzaliwa na uzito mdogo. Mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 30 amenyang'anywa sehemu kubwa ya hatua ya pili ya safari. Aidha, kondo la nyuma likiwa dhaifu, mtoto hukua kwa shida tumboni, na kichocheo ambacho korodani zake hupata ili zitoe homoni hupungua.

La pili ni urithi. Mtoto ambaye baba yake au kaka yake alikuwa na kasoro hii ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nayo. Mabadiliko katika jeni ya INSL3, au katika jeni ya kipokezi chake, yamepatikana kwa watoto wachache tu. Kwa hiyo urithi huu huelekea kuwa wa jeni nyingi zinazosaidiana.

La tatu ni upungufu wa homoni, ama kwa sababu tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo haitoi amri za kutosha, ama korodani zenyewe hazizitii amri, ama tishu za mwili hazisikii testosteroni. Kasoro hii pia huandamana na maradhi mengine ya kuzaliwa, kwa mfano yale ambayo misuli ya ukuta wa tumbo haikuumbika sawasawa, kwani msukumo wa fumbatio husaidia kuipitisha korodani katika mfereji.

La nne ni mazingira, na hapa sayansi ingali ikijadiliana. Kuanzia miaka ya 1940 hadi 1971, wajawazito wengi huko Marekani walipewa dawa iitwayo dietilstilbestroli, ambayo ni homoni ya kike ya kutengenezwa, kwa matumaini ya kuzuia mimba zisiharibike. Baadaye ilionekana kwamba wana wao walikuwa na korodani zisizoshuka mara nyingi zaidi kuliko watoto wengine. Somo hilo lilifungua macho ya watafiti. Mwaka 2004 ulichapishwa ulinganisho wa nchi mbili zilizo karibu: nchini Denmark asilimia 9.0 ya wavulana walizaliwa na kasoro hii, na nchini Finland asilimia 2.4 tu. Tofauti kubwa kama hiyo kati ya majirani imewafanya wataalamu watilie shaka kemikali zinazovuruga homoni, kama vile baadhi ya viuatilifu vya mashambani na vilainishi vya plastiki. Shaka si uthibitisho. Lakini yatosha kumshauri mjamzito akae mbali na dawa za kunyunyizia mimea, asivute tumbaku, na asimeze dawa yoyote bila ushauri wa mganga.

Hapana budi pia kutaja kile ambacho si chanzo. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki akina mama wazazi huonywa kwamba kitovu cha mtoto wa kiume kikidondoka na kuangukia sehemu zake za siri, basi uanaume wake umepotea. Mama ambaye mwanawe ana mfuko mtupu huweza kujilaumu, au kulaumiwa na mawifi, kwamba hakuwa mwangalifu. Msomaji aliyefuata maelezo ya hatua mbili ataliona kosa mara moja. Kitovu hudondoka siku kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa. Korodani ilikwama wiki au miezi kabla yake. Tukio la baadaye haliwezi kuwa chanzo cha tukio lililotangulia. Mama hana hatia.

WAKATI HAUNGOJI

Kwa nini madaktari wahimize haraka, ikiwa mtoto halii wala haumwi? Jibu limo katika seli zenyewe. Kati ya mwezi wa 1 na wa 3 baada ya kuzaliwa, kiasi cha testosteroni katika damu ya mtoto wa kiume hupanda ghafla, kisha hushuka na kulala hadi umri wa kubalehe. Wimbi hilo la homoni lina kazi mbili: kuzisaidia korodani zilizochelewa zimalize safari, na kuzigeuza seli changa za korodani ziwe seli mama ambazo baadaye zitazaa mbegu. Ugeuzi huo hutokea katika mwaka wa kwanza. Katika korodani iliyokwama kwenye joto, ugeuzi huo huharibika, na idadi ya seli mama hupungua kadiri miezi inavyopita.

Baada ya miezi 6, ni nadra korodani kushuka yenyewe. Kwa mtoto njiti miezi hiyo huhesabiwa tangu tarehe aliyotazamiwa kuzaliwa. Aliyezaliwa wiki 8 kabla ya wakati, kwa mfano, atahesabiwa kuwa na miezi 6 atakapokuwa na umri wa miezi 6 na wiki 8. Kupita hapo, kungoja ni kupoteza.

Madhara ya kuacha ni manne. Kwanza, utasa. Mwanamume ambaye korodani zake zote mbili zilibaki juu hadi utu uzima karibu kila mara hukosa mbegu. Naye mara nyingi hana habari, kwa kuwa testosteroni yake yamtosha kuwa na sauti na ndevu kama wenzake, na nguvu zake za kiume hazina upungufu. Anaoa, miaka inapita, na lawama humwangukia mke. Ndoa ngapi zimevunjika namna hiyo, na wanawake wangapi wamerudishwa kwao kwa jina la ugumba usio wao! Pili, saratani. Saratani ya korodani ni adimu, lakini huwapata zaidi waliozaliwa na kasoro hii. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2007 uliwafuatilia wanaume karibu 17,000 waliopasuliwa kwa sababu hiyo. Waliopasuliwa kabla ya umri wa miaka 13 walikuwa na hatari kama mara 2 ya watu wengine. Waliopasuliwa baada ya hapo, zaidi ya mara 5. Tatu, ngiri, kwa kuwa njia ya utando huwa haikujifunga kwa walio wengi wa watoto hawa. Nne, korodani isiyotulia mahali pake yaweza kujisokota na kukatikiwa damu, jambo ambalo huleta maumivu makali na kuiua katika saa chache.

JINSI MTOTO ANAVYOCHUNGUZWA

Uchunguzi huanza kwa maswali. Daktari atauliza: je, mimba ilitimia miezi? Mtoto alikuwa na uzito gani? Mama alitumia dawa gani? Yuko ndugu mwenye kasoro kama hii, au aliyekosa watoto, au mtoto mchanga aliyefariki katika ukoo bila sababu kujulikana? Na swali kubwa kuliko yote: je, korodani ziliwahi kuonekana katika mfuko, kwa mfano wakati wa kumwogesha mtoto kwa maji ya uvuguvugu? Mama au bibi amwogeshaye mtoto kila siku ana ushahidi ambao daktari hawezi kuupata kwa dakika 10.

Kisha hufuata mikono. Hiki ndicho kipimo bora, na hakihitaji mtambo. Chumba kiwe na joto, mikono ya mchunguzi iwe na joto, na mtoto awe ametulia. Akilia au akihisi baridi, msuli wa kremasta utaivuta korodani juu na kumdanganya mchunguzi. Mtoto hulazwa chali, miguu ikiwa imekunjwa na magoti kuachana kama ya chura. Mchunguzi hutazama kwanza kabla ya kugusa: mfuko usiowahi kukaliwa huwa mdogo na usio na mikunjo mingi. Halafu huweka vidole vya mkono mmoja karibu na mfupa wa nyonga na kuvitelezesha taratibu kando ya kinena kuelekea chini, huku mkono wa pili ukingoja mfukoni kuipokea korodani. Sabuni kidogo au mafuta husaidia vidole kuteleza. Kwa mtoto mkubwa, uchunguzi hurudiwa akiwa ameketi kwa kukunja miguu au amechuchumaa.

Uchunguzi huu waweza kuleta majibu manne. Huenda korodani ikashuka hadi mfukoni na kutulia huko baada ya kuachiwa. Hiyo ni korodani inayopanda na kushuka, si ugonjwa. Haihitaji kisu, lakini mtoto achunguzwe kila mwaka, kwa kuwa baadhi yake hupanda na kubaki juu umri unavyosonga. Huenda ikapapaswa kinenani na isikubali kufika mfukoni, au ikafika na kurudi juu mara moja. Hiyo ndiyo korodani isiyoshuka hasa. Huenda ikakutwa nje ya njia yake, kwa mfano pajani. Au huenda isipapaswe mahali popote.

Jibu hili la mwisho ladai tahadhari. Mtoto mchanga mwenye uume unaoonekana, lakini hana korodani hata moja ya kupapasika, asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya uchunguzi zaidi. Yawezekana kuwa huyo ni mtoto wa kike kwa kromosomu zake, ambaye tezi zake za adrenali, zilizo juu ya figo, zina kasoro na zinatoa homoni za kiume kupita kiasi. Tezi hizo zikishindwa kuhifadhi chumvi ya mwili, mtoto huanza kutapika na kunyauka katika wiki za kwanza, na hufariki huku watu wakidhani ni tumbo la kuendesha. Dawa ipo, nayo humwokoa akitambuliwa mapema. Vilevile, korodani isiyoshuka ikiambatana na tundu la mkojo lisilo kwenye ncha ya uume, mtoto apimwe kromosomu na homoni.

Vipimo vya damu husaidia hasa pale korodani zote mbili zisipopapasika. Seli za Sertoli ndani ya korodani hutoa homoni iitwayo kwa kifupi AMH. Ikiwamo katika damu ya mvulana, basi tishu ya korodani ipo mahali fulani mwilini, hata kama haionekani. Ikikosekana kabisa, na homoni za pituitari zikiwa juu, yaelekea korodani hazipo.

Wazazi wengi hutazamia kwamba picha za ultrasaundi zitamaliza shaka. Matumaini hayo yamezidi uwezo wa kipimo chenyewe. Korodani ya mtoto ni ndogo, na iliyo ndani ya fumbatio hufichwa na utumbo. Picha isiyoonyesha kitu haithibitishi kwamba hakuna kitu. Kwa hiyo mwongozo uliotolewa mwaka 2014 na chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani wawashauri madaktari wasitumie picha hizo kabla ya kumpeleka mtoto kwa mpasuaji. Kwa nchi zenye vifaa vichache hilo ni jambo la kutia moyo: mganga wa zahanati mwenye mikono iliyozoea hajapungukiwa na kitu muhimu, na mzazi asicheleweshwe kwa kutafuta picha mji wa mbali.

Korodani isipopapasika, njia ya hakika ni kutazama ndani ya fumbatio kwa laparoskopu, yaani darubini nyembamba ipenyezwayo kitovuni mtoto akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Matumizi hayo yalielezwa mara ya kwanza mwaka 1976 na madaktari wa Italia. Mpasuaji hufuata mishipa ya damu kama mtu afuatavyo nyayo: ama huikuta korodani, ama huona mishipa ikiingia mfereji wa kinena, ama huikuta imekatika ghafla, ishara kwamba korodani ilikufa kabla mtoto hajazaliwa.

MATIBABU

Kwa miaka mingi watoto walidungwa sindano za homoni ili korodani zishuke. Matokeo yake yalikuwa hafifu, na miongozo mingi ya sasa haizipendekezi. Tiba ni upasuaji, nao hufanywa kati ya miezi 6 na 18. Upasuaji wa kwanza uliofanikiwa ulifanywa na Thomas Annandale mjini Edinburgh mwaka 1877. Kwa mkato mdogo kinenani, korodani huachanishwa na tishu zinazoishikilia, kifuko cha ngiri hufungwa, kisha korodani huteremshwa na kutuliwa mfukoni. Ile iliyo juu sana, ambayo mishipa yake ni mifupi, hushushwa kwa njia iliyobuniwa na Fowler na Stephens wa Australia mwaka 1959: mishipa mikuu hukatwa, na korodani huachwa ilishwe na mshipa mdogo ulio pembeni mwa mrija wa mbegu.

Mtoto aliyepasuliwa mapema, hasa wa upande mmoja, huwa na nafasi ya kuzaa iliyo karibu sawa na ya wenzake. Wa pande mbili nafasi yake hupungua, lakini hubaki kubwa kuliko ya aliyeachwa bila tiba. Akishabaleghe yafaa afundishwe kuzipapasa korodani zake mara kwa mara, na kwenda hospitali akihisi uvimbe.

WAJIBU WA SHULE NA JAMII

Mtoto aliyezaliwa nyumbani, au aliyepimwa uzito tu kliniki bila kuvuliwa nepi, huweza kukua pasipo yeyote kuitambua kasoro yake. Mara nyingine hugunduliwa jandoni, pengine akiwa na miaka 10 au zaidi, nayo mara nyingine hugeuzwa kuwa mzaha. Ngariba na manyakanga wa kiume wangefanya jambo la maana kumwambia baba faraghani, badala ya kucheka.

Walimu wa elimu ya viumbe nao wana nafasi yao. Katika darasa la kidato cha tatu lenye wavulana 50 huenda yumo mmoja ambaye jambo hili ni lake, naye hajamwambia mtu. Mada ya uzazi ikifundishwa bila kificho na bila kejeli, mvulana huyo atajua kwamba hakurogwa, na kwamba hata sasa yafaa aende hospitali; kwani upasuaji wa kuchelewa, ijapokuwa hauwezi kurudisha seli zilizokufa, huiweka korodani mahali inapoweza kuchunguzwa, au huiondoa ikiwa imeharibika.

Wasichana nao wayasikilize maneno hayo, kwa kuwa wengi wao watakuwa mama. Jambo lenyewe la kukumbuka ni fupi: mtoto wa kiume atazamwe siku ya kuzaliwa, na atazamwe tena kila apelekwapo kuchanjwa. Mfuko ukiwa mtupu pande zote mbili, aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Ukiwa mtupu upande mmoja hadi miezi 6, apelekwe kwa mpasuaji. Vyombo vinavyohitajika ili kuligundua tatizo hili ni chumba chenye joto, mikono miwili, na mtu asiyeona haya kuuliza.